Nukta inayoelea, inaelea wapi?

SWALI: Ustadh, salaam aleikum. Nafunza vijana kuandika programu hapa Kisauni, na somo lote nalitoa kwa Kiswahili. Tumefika kwenye GDB, kile chombo cha kusaka hitilafu ndani ya programu, na hapo maneno yamenishinda. Nambari zenye desimali nimeziita "nambari za nukta inayoelea". Kijana mmoja akaniuliza inaelea wapi, darasa zima likacheka. Mahali tunapoisimamisha programu nimepaita "pointi ya kuvunja", na maagizo tunayoyaweka hapo nimeyaita "amri za pointi ya kuvunja". Sasa wanadhani programu imevunjika. Nisemeje? (Mwalimu wa kompyuta, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Kijana huyo usimkemee, maana ameuliza swali la lugha barabara.

Kwa mtu wa pwani, kuelea ni kukaa juu ya maji bila kuzama. Jahazi lililotia nanga Bandari ya Kale linaelea, na haliendi popote. Basi anayesikia "nukta inayoelea" anakosa habari kubwa kuliko zote kuhusu nukta hiyo, kwamba haina makao. Chukua tarakimu 325. Zaweza kuwa 3.25, au 32.5, au 0.00325. Tarakimu ni zile zile, kilichohama ni nukta. Kompyuta hufanya hivyo kwa vipeo vya mbili badala ya vipeo vya kumi, na kanuni yake imeandikwa tangu 1985 katika kiwango kiitwacho IEEE 754: nambari ya biti 64, yaani tarakimu 64 za sifuri au moja, hutenga biti 1 ya alama ya kuongeza au kutoa, biti 11 za kipeo, na biti 52 za tarakimu. Kipeo ndicho kinachoihamisha nukta.

Kwa hiyo mimi nasema "nukta inayohama", na ile isiyoondoka mahali pake ni "nukta tuli". Shika upatanisho vizuri: ni "nambari za nukta inayohama", wala si "zinazohama". Ukisema zinazohama, umezihamisha nambari zenyewe. Wapo wanaoipenda "elea" na wana hoja moja tamu, kwamba wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na kweli nambari hizi zimeundwa, tena kwa vipande vitatu. Naikubali kwa mzaha tu. Isitoshe, kijana akikwambia "somo limenielea" anamaanisha amelifahamu, na darasani mtachanganyikiwa.

Sasa nikuongezee jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu Kiswahili kinakupa hapa chombo cha kufundishia ambacho pengine umekisahau. Tunayo majina ya visehemu tuliyoyarithi kutoka Kiarabu: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, na kuendelea hadi thumuni na ushuri. Wazee waliyatumia kwenye mirathi na bei. Vijana wamebakiwa na nusu na robo. Wafundishe yote, kisha waambie waichape kila moja ndani ya GDB. Nusu ni 0.5, nayo itajibu 0.5. Robo itajibu 0.25. Thumuni, ile ya asili ya moja juu ya nane, si ile sarafu ya senti hamsini, itajibu 0.125 bila kupunguka wala kuzidi. Halafu waulize ushuri, yaani 0.1. GDB itajibu 0.10000000000000001.

Darasa litanyamaza, na hapo ndipo pa kueleza. Kompyuta hugawa kwa mbili, tena kwa mbili, tena kwa mbili. Nusu, robo na thumuni zote zapatikana kwa kugawa hivyo, kwa hiyo zinahifadhiwa kamili. Humusi na ushuri zina tano ndani yake, na tano huwezi kuipata kwa kugawa kwa mbili hata ukigawa mpaka kesho. Kinachohifadhiwa ni nambari ya jirani iliyo karibu zaidi. Wakijumlisha 0.1 na 0.2 wataona 0.30000000000000004, na hakuna kitu kilichoharibika.

Hili lina athari kwenye maneno yako, Mwalimu. Usiseme "thamani ya kigeu hiki ni ushuri" (kigeu ni jina ndani ya programu linalobeba thamani) pale unapojua kwamba si ushuri kamili. Kiswahili kina "takriban", kina "yakaribia", kina "kama". Kitenzi "ni" kiache kwa nusu na jamaa zake. Na kusoma kwenyewe: baada ya nukta tarakimu zisomwe moja moja, "sifuri nukta moja mbili tano". Nimesikia hata watangazaji wakisema "sifuri nukta mia moja ishirini na tano", na mwanafunzi akisikia hivyo atadhani 0.125 ni kubwa kuliko 0.5.

Turudi kwenye "pointi ya kuvunja". Hiyo ifute ubaoni leo. Chombo kilichovunjika hakirudi baharini mpaka kiundwe upya, na mkutano uliovunjwa watu wamekwenda zao. Programu iliyosimamishwa haikupatwa na lolote kati ya hayo. Vigeu vyake vyote vipo, inakumbuka ilipofikia, inangoja kuambiwa iendelee. "Kikomo" pia hakifai, kwa sababu mama akimwambia mtoto "koma!" hamaanishi apumzike kisha aendelee. "Kizuizi" nacho ni cha kuzuia apitaye asipite kabisa.

Neno lake ni "kituo". Asili yake ni kutua, na kutua ni kuteremsha mzigo kwa nia ya kujitwika tena. Hamali akitua, mzigo haujafika. Ndege hutua, jua hutua, na vyote hivyo tunajua vina kesho yake. Mtu wa Kisauni anayekwenda feri ya Likoni hahitaji kufafanuliwa kituo ni nini, hata kama mdomoni anasema steji. Tena ngeli ya KI-VI inakurahisishia kazi yote iliyobaki: weka kituo kwenye mstari wa 42, kizime, kiwashe, kifute, vifute vyote. Kituo cha kutumika mara moja tu kikajifuta chenyewe, ambacho GDB inacho, ni "kituo cha mara moja".

Lakini "amri za kituo" zina utata. Zaweza kuwa amri za kushughulikia kituo, kama hizo za kuweka na kufuta nilizozitaja, na zaweza kuwa amri zinazotekelezwa programu inapofika hapo. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na nimeona mafunzo ya kompyuta yakiviita kwa jina moja. Sisi tuna kiambishi cha silabi moja kinachovitenga: -ni. Amri za kituo ni za kukiweka na kukiondoa. Amri za kituoni ni zile zinazotendeka pale pale kituoni. Mpwani hata haioni hiyo -ni kama sarufi, ni mazungumzo yake ya kila siku: mambo ya nyumba si mambo ya nyumbani.

Ukiziandika amri za kituoni ubaoni, kila moja kwenye mstari wake, tumia hali ya kuamuru tupu: nyamaza, onyesha jumla, endelea. Ukizisema kwa sentensi moja, ya kwanza tu ndiyo inayobaki hivyo na zinazofuata huchukua dhamira tegemezi: "Ukifika kituoni nyamaza, uonyeshe jumla, kisha uendelee." Ndivyo tusemavyo siku zote, njoo uone, keti ule. Anayesema "nyamaza na onyesha na endelea" anaongea Kiswahili cha kubandika. Na "endelea" iwe ya mwisho kwa sababu ya GDB pia, maana programu ikishaambiwa iendelee, chochote kilichoandikwa chini yake kwenye orodha hiyo kinapuuzwa.

"Nyamaza" inazuia lile tangazo la kawaida kwamba kituo fulani kimefikiwa, nayo huwa ya kwanza kwenye orodha. "Onyesha" nimeichagua badala ya "chapisha" makusudi. Kuchapisha ni kazi ya gazeti na kitabu. GDB haichapishi kitu, inakuonyesha.

Kuna kituo chenye sharti, na hapo tumia -ki-: "simama jumla ikizidi 10". Wengi huandika "kama jumla itakuwa imezidi", maneno manne kwa kazi ya mawili. Ila sharti lenyewe litazame sana likihusu nukta inayohama. Kijana akiandika "simama jumla ikiwa sawa na 0.3", na jumla hiyo ni ya 0.1 na 0.2, programu itapita kituo hicho kama haikioni. Atakuja kukwambia GDB ni mbovu. Mwambie aandike "simama tofauti ya jumla na 0.3 ikiwa ndogo kuliko 0.000001", bila kujali ipi imezidi. Neno "sawa" ni kali mno kwa nambari hizi. Ipo hata thamani iitwayo "si nambari", inayotokea kwa mfano sifuri ikigawanywa kwa sifuri, ambayo haiwi sawa hata na yenyewe.

Chombo chenyewe kiite "kitatuzi". Simu za Android zikiwekwa Kiswahili huandika "utatuzi wa USB", kwa hiyo vijana wako wamekwisha kulizoea bila kujua. Nami naamini neno hushika kwa kusemwa. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu tuliyeishi naye Mombasa, alitupa "runinga" na "ngamizi". Runinga leo yasomwa kwenye habari za jioni, ngamizi imebaki kwa wapenzi wa lugha, na wote wawili ni watoto wa baba mmoja.

Ukitaka haya yasemwe kila siku darasani, GDB inakuruhusu kuipa amri jina la pili na kuyaweka majina hayo kwenye faili ya .gdbinit, ambayo GDB huisoma inapoanza. Anza na manne: simama, onyesha, endelea, futa. Neno la kunyamaza (silent) na lile la kufunga orodha ya amri za kituoni (end) yaache yalivyo kwa Kiingereza, kwa kuwa GDB huyatambua kwa herufi zake hasa na haitakubali mbadala.