Kununua sarafu za kale kwenye mnada wa mtandaoni

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi hukusanya sarafu za kale za pwani yetu. Siku hizi nanunua kwenye minada ya mtandaoni: mnadi anaonyesha sarafu mbele ya kamera, watu wanapandisha dau, muda ukiisha aliyetaja bei ya juu ndiye mwenye mali. Nalipa hapo hapo, sarafu inanifikia kwa posta baada ya wiki mbili tatu. Mnadi mmoja tuliyezoeana ananiomba nitaje bei za mwanzo ili watu wachangamke, naye hunipunguzia ninaponunua. Je, kuna ubaya?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na hilo la mwisho, ndilo zito. Kupandisha bei ya kitu usichokusudia kukinunua ili mwenzio anase ni najshi. Ibn Umar (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) ameikataza, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim. Yule wa upande wa pili anadhani ana mshindani wa kweli, anaongeza pesa ambazo asingezitoa. Amehadaiwa, na punguzo lako ni ujira wa hadaa hiyo. Mwambie mnadi leo kuwa huwezi tena, utubie, na uliyemtia hasara, ukimjua, mrudishie haki yake au umwombe akusamehe.

Mnada wenyewe ni halali. Katazo la kununua juu ya manunuzi ya ndugu yako ni pale wawili wamekwisha kuridhiana. Mnadani muuzaji bado hajaridhia bei ya yeyote.

Mtihani uko kwenye posta, na hukumu inafuata madini. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 Hijria, ile yenye mizani, haitumiki tena sokoni. Leo ni bidhaa. Ukiilipia sasa ikaja mwezi ujao, hapana neno, maadamu umeelezwa hali yake na kwamba si nakala.

Lakini rupia ya fedha ya Wajerumani, au ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 ikiwa na tembo, haitoki katika hukumu ya dhahabu na fedha kwa kuwa imezeeka. Katika hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.) aliyoipokea Muslim, aina zikitofautiana, kama dhahabu kwa fedha, tunauza tupendavyo, kwa sharti iwe mkono kwa mkono. Noti nazo, kwa uamuzi wa Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah wa mwaka 1986, zinaingia katika hukumu za riba kama dhahabu na fedha. Basi kulipa mara kumi ya thamani ya madini yake inajuzu. Kulipa leo na kupokea baada ya wiki tatu haijuzu. Wapo wasemao kinachonunuliwa hapo ni ukale, si madini. Mimi hoja hiyo hainitoshi.

Mtafute mtu unayemwamini kwenye mji wa mnadi, awe wakili wako: alipe na kuipokea sarafu katika kikao kimoja, kisha akutumie. Ukimkosa, kubaliana na mnadi mapema kuwa dau lako ni ahadi tu, na mtauziana siku ya kukabidhiana.

Wakusanyaji pia hubadilishana wenyewe kwa wenyewe, rupia moja adimu kwa mbili za kawaida. Hiyo ni riba, fedha kwa fedha bila usawa wa uzito. Bilal (r.a.) alipobadilisha pishi mbili za tende duni kwa moja nzuri, Mtume (s.a.w.) alimwambia hiyo ndiyo riba yenyewe, auze zake kisha anunue azitakazo. Nanyi fanyeni hivyo.

Hukuuliza zaka, ila najua wengi huisahau kabatini. Nisabu ya fedha, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ni gramu 595. Rupia moja ya Kijerumani ina karibu gramu 10.7 za fedha safi, kwa hiyo ukiwa nazo 56 zikapitiwa na mwaka, toa asilimia 2.5, hata kama huna nia ya kuziuza.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.