Kabla ya kuuliza jeki ina tani ngapi

Jumamosi nilichelewa kufika gereji. Nikakuta kijana wa fildi kafunga mnyororo wa kuvutia bodi ya gari iliyojikunja kwenye nguzo ya banda. Nguzo yenyewe ndiyo inayoshika paa, na paa lilikuwa limeshaanza kulia. Hatua tatu kutoka hapo kuna vikombe viwili vya chuma vya kufungia mnyororo, vimezikwa kwenye jamvi, yaani zege la sakafu, na vifuniko vyao viko juu. Nikamuuliza, dogo, hivi vikombe unadhani tuliweka vya nini? Akanijibu kwa adabu zote: "Fundi, vilikuwa na mchanga ndani."

Yaani kuchokonoa mchanga kwa bisibisi ameona kazi kubwa kuliko kuezeka banda upya.

Sikumfokea. Nilienda kunywa chai kwanza, maana nikifoka kabla ya chai huwa nasema mambo ya mzazi wa mtu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nimewahi kufanya kubaya zaidi ya hapo, tena nikiwa naitwa fundi mkuu. Ndiyo sababu naandika. Wadogo zangu mnaoanza kunyoosha bodi, haya hapa, kwa namba, ingawa najijua, namba zitanishinda mbele ya safari.

1. Safisha kikombe kabla ya kuingiza kabari ya mnyororo. Kabari ikikalia mchanga haijashika, imeegemea tu.

2. Klampu, vile vibano vinavyolishikilia gari lisisogee, inashika chuma, haishiki rangi wala lami ya chini ya gari. Ukingo ule chini ya mlango, pale mabati yalipochomelewa nukta nukta kwa spoti, ukwanguliwe mpaka uone chuma kinang'aa, ndipo ufunge klampu nne, mbili kila upande. Ukishapiga pampu ya jeki mara ya kwanza, simama, kaza tena bolti zote. Nimewahi kuona IST imefungwa juu juu, mafundi wawili wanapiga pampu na kushangilia kwamba pua inatoka. Pua ilikuwa haijatoka hata milimita. Gari zima lilikuwa linasafiri kwenda mbele, na ukingo wa chini umekwanguka kama muhogo. Walikuja na kesi moja, wakaondoka na kesi mbili.

3. Pembe ya mnyororo. Hapa nisikilizeni, kwa sababu hili hamuambiwi na jeki haisemi.

Mnyororo unatoka kwenye kikombe cha nyuma, unapanda hadi kichwa cha jeki, halafu unakwenda kwenye gari; jeki ikisukuma, mnyororo unakaza na gari linavutwa. Chukulia jeki imesimama wima, mnyororo wa mbele umelala sambamba na sakafu, na wa nyuma unashuka kwa nyuzi 45. Ukivuta gari kwa tani 2, mnyororo wa nyuma unabeba tani 2.8. Sasa chagua kikombe cha karibu zaidi, mnyororo wa nyuma usimame nyuzi 60. Gari linapata tani 2 zilezile, lakini nyuma zimekuwa tani 4. Mnyororo wa milimita 10 wenye alama ya 8 au 80 kwenye pete zake unaruhusiwa tani 3.15. Usio na alama kabisa ni wa kufungia geti.

Nyinyi mnachagua kikombe cha karibu kwa sababu mnyororo mrefu uko chini ya rundo. Fukueni rundo.

4. Sakafu. Hapa nikae kidogo, maana ndipo nilipoumbuka.

Miaka hiyo nilikuwa kwenye gereji ya mtu, siitaji jina. Bosi alinunua seti ya jeki ya kuvutia, mtumba mzuri tu, ila vikombe havikuwemo. Akanipa hela ya kuvunja sakafu, kuchonga vikombe sita, kufunga nondo na kumwaga zege. Nikaitazama ile sakafu, nikatazama jua la Dar es Salaam, nikaona kuvunja ni ushamba. Nikachonga sahani za chuma zenye pete, nikatoboa sakafu, kila sahani nikaipiga bolti nne za kutanuka za milimita 12. Siku moja kazi imeisha. Hela iliyobaki nilimrudishia bosi nusu, akanisifu mbele ya watu. Nusu ya pili msiniulize.

Sakafu yenyewe ilikuwa ya mwenye nyumba: kifusi, mawe, halafu tabaka la mchanga na saruji la inchi 3, kokoto za kuhesabu. Bolti zilikaza vizuri. Nilizipiga teke moja moja, zikatulia. Teke ndilo lilikuwa kipimo changu.

Miezi ikapita salama, kwa sababu tulikuwa tunavuta mabampa na pembe za buti. Kila siku iliyopita bila balaa niliihesabu kuwa ushahidi kwamba mimi fundi. Ndipo ikaja Noah iliyoingia nyuma ya lori, chesisi ya mbele kushoto imejikunja, mwenye gari anaitaka kabla ya Idd. Nikapima msalaba, kona kwa kona: milimita 31 zimepotea. Nikafunga klampu zote nne, safi kabisa, nikwambie kweli, sijawahi kufunga klampu vizuri kama siku ile. Nikaweka jeki. Nyuma nikachagua sahani ya karibu. Mnyororo mrefu ulikuwa chini ya rundo.

Saidia fundi wangu, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, alikuwa kwenye pampu. Akapiga. Mnyororo ukakaza, kukasikika ile sauti, kaa! Chuma kikikubali hulia, na kila mnyooshaji anaijua sauti hiyo na kuipenda. Nikapaza sauti: "Inakuja!" Nikapima. Milimita 4. Akapiga tena, kaa! Nikapima, milimita 4 zilezile. Fundi mwenye akili angesimama hapo. Sauti inatoka na kipimo hakisogei, basi kuna kitu kingine kinachosogea. Mimi nikasema ongeza.

Mpini wa pampu ukawa mwepesi. Kijana akachuchumaa, akachungulia ile sahani ya nyuma, akageuka akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: "Fundi, sakafu inapumua."

Kulikuwa na mstari wa vumbi umeizunguka sahani, duara kubwa kuliko sinia, na duara lile lilipanda na kushuka kila alipogusa mpini. Nililiona. Nikamwambia: "Wewe piga pampu, sakafu niachie mimi."

Akapiga. Sahani iling'oka na bonge zima la sakafu, juu pana, chini jembamba, bolti zote nne zimo ndani zimekaza vilevile. Bolti hazikushindwa, kilichoshindwa ni kile zilichoshikilia. Jeki iliruka ikaingia kwenye mlango wa Corolla iliyokuwa imetoka kupulizwa koti la pili, rangi haijakauka. Kipande cha zege kikampata kijana chini ya jicho la kushoto. Sentimita mbili juu zaidi, leo ningekuwa naandika habari nyingine, au nisingeandika kabisa.

Alishonwa nyuzi tano. Bosi alifika jioni, akaitazama sakafu, akaitazama Corolla, akauliza: "Nani alikuwa kwenye pampu?"

Nikasema: "Dogo."

Neno moja, na ni kweli tupu, alikuwa kwenye pampu. Bosi akaelewa nilivyotaka aelewe, kwamba mtoto amepitiliza. Akamkata malipo ya wiki mbili. Kijana alinitazama kwa jicho moja, la pili limefungwa bandeji, hakusema kitu. Kwao mdogo hambishii mkubwa mbele ya bosi, nami nilijificha humohumo kwenye adabu yake.

Ningependa kuwaambia kwamba nilirudi kesho yake nikakiri. Sikurudi. Ilipita miezi mitatu, bosi akaamua vikombe viwekwe upya, tukasimama wote kwenye sakafu na sururu. Kijana akaniuliza, bila ubaya wowote, bosi yuko palepale: "Fundi, safari hii tunachimba kweli?" Bosi akauliza, kweli vipi? Basi. Yalitoka yote, na ile nusu ya pili ikatoka. Kijana nilimlipa wiki zake mbili mara mbili, na gharama ya Corolla nikakatwa kwenye malipo yangu mpaka mwaka ukaisha.

Sasa hesabu ya sakafu, mkae nayo. Kwenye ule mfano wa nyuzi 45, ukivuta gari kwa tani 2, kikombe cha nyuma kinanyanyuliwa kwenda juu kwa tani 2 pia. Wengi wenu mnadhani kuzika kikombe kwenye bonge la zege ndiyo dawa. Bonge la sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 50, lina uzito wa kilo 430 hivi. Tani 2 zinalitoa kama jino la mtoto. Zege lenyewe halitoshi kwa uzito, ni lazima nondo zitoke kwenye bonge ziingie kwenye jamvi lote. Jamvi la sentimita 15 lina kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ukifunga vizuri unavuta na sakafu nzima iko upande wako. Kuna faida nyingine: mguu wa jeki unalikandamiza jamvi lilelile ambalo kikombe kinalinyanyua. Likiwa kipande kimoja, nguvu hizo mbili zinagombana humo ndani kwa ndani. Likiwa limekatwakatwa na kuzibwa viraka, kila kiraka kinapigana peke yake.

Kwa hiyo tulivunja. Nondo za milimita 12 pande zote mbili, kikombe kimefungwa kwenye wavu kabla zege halijaja, mchanganyiko wa saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Na kila kikombe mbali na ukingo wa jamvi, kwa sababu zege hupasuka kwa umbo la koni, na koni ikikatwa na ukingo nguvu imekatwa nayo. Tukamwagilia siku 7. Tukasubiri siku 28 bila kufunga hata kamba. Siku ya tisa bosi alianza kuzunguka vikombe kama paka na samaki, nikamwonyesha kovu la kijana, akarudi ofisini. Mwezi ule tulinyoosha kama wazee wetu, kwa cheni bloku na mwarobaini. Mwarobaini unashika vizuri sana, siudharau, ila una upande mmoja tu wa kuvuta, na ukitaka upande mwingine unageuza gari, mti hauhami.

5. Usisimame kwenye mstari wa mnyororo, na tupa turubai zito au zulia kuukuu juu yake kabla ya kupiga pampu.

6. Kilichoingia mwisho kitoke kwanza. Na mnyororo ukiwa umekaza, acha pampu, chukua nyundo na kipande cha mbao, gonga mikunjo taratibu ili chuma kisahau kilipokuwa. Mnaacha nyundo mnakimbilia gesi. Nguzo ya kati ya gari za siku hizi, ile ya katikati ya milango, ukiipasha moto umeiua, itapendeza chini ya rangi na itamuua mtu barabarani.

7. Kila ukipiga pampu, pima. Kipimo kikigoma, shuka chini utazame sakafu kwanza. Na saidia fundi akikwambia kitu, hata akikisema kishairi, nenda katazame.

Yule wangu sasa ana gereji yake Mbagala, vijana wanne chini yake, kovu limebaki kamstari. Kila Idd ananipigia simu, na kabla ya salamu ananiuliza sakafu inaendeleaje. Mwaka jana nilipoweka hivi vikombe mlivyoviachia mchanga, nilimwita aje aone. Alikuja na shati la kazi, akazunguka shimo, akauliza kina. Nikamwambia sentimita 50. Hakujibu. Akatoa tepu yake mfukoni, akapiga magoti, akaiteremsha mpaka chini.

"Ni 48, fundi."

Tukarudisha sururu, tukachimba mbili zilizobaki.