Duka la mjini Malindi: ukinunua jengo, si lazima uwe umenunua ardhi

Kaka, umeuliza kama bei ya lile duka unalotaka kununua ni pamoja na kiwanja chake. La, si lazima. Hapa Malindi, kama Mombasa, nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida: mwenye jengo ni huyu, mwenye ardhi ni yule, na mwenye jengo humlipa mwenzake kodi ya ardhi. Nafanya udalali hapa mjini, na risiti za kodi hiyo ndizo ninazoziulizia mwanzo. Muuzaji akikutolea hizo na karatasi ya mauziano, hati ya kumiliki ardhi hana, basi unauziwa kuta na mabati tu. Chukua namba ya kiwanja, ufanye upekuzi rasmi wa kumbukumbu zake kwenye ofisi ya usajili wa ardhi kabla ya kutoa hata arubuni. Fotokopi ya hati haitoshi, maana rehani au zuio lililowekwa baadaye hutaliona humo.

Angalia na wapangaji. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, analindwa na Sura ya 301, sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka na hoteli. Humtoi wala humpandishii kodi bila notisi ya maandishi ya miezi 2 au zaidi, na akipinga, shauri linakwenda kwenye baraza la kuamua kesi za kodi za majengo ya biashara. Kwa hiyo piga hesabu kwa kodi anayolipa leo, si kwa ile unayoahidiwa. Kama ardhi imo, tenga pia ushuru wa stempu, yaani malipo ya serikali ya kuhamisha ardhi, asilimia 4 ya thamani yake. Huo ni wa mnunuzi.