Mashujaa Day imeanguka katikati ya likizo yangu, nikatwe siku ngapi?

SWALI: Habari ya kazi madam. Nafanya kazi hapa Nakuru, Jumatatu hadi Ijumaa, nyumbani ni Kakamega. Mwaka huu wa 2026 nimebaki na siku 14 za likizo. Nilijaza fomu nipumzike kutoka Jumatatu tarehe 19 Oktoba hadi Ijumaa tarehe 23, systemu ikanitoa siku 5. Nikauliza mbona tano na Jumanne ni Mashujaa, nikaambiwa ati ukishakuwa likizo holidei haikuhusu. Ni ukweli? Alafu holidei ya tarehe 10 Oktoba ni Jumamosi, tutapewa Jumatatu yake? Na Desemba nataka niende nyumbani na familia kama wiki mbili hivi, nipangeje ndio hizo siku zitoshe?

JIBU: Salama sana ndugu yangu. Nianze na hiyo ya kwanza juu naona ndiyo inakuuma: si ukweli, unafaa kukatwa siku 4. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 28, inakupa si chini ya siku 21 za kazi na mshahara kamili kwa kila miezi 12 umefanya. Siku za kazi. Sasa tarehe 20 Oktoba ofisi yenu imefungwa, wenzako wako kwao nyumbani wanaangalia gwaride kwa TV na hakuna mtu anawakata kitu, wewe ukatwe ya nini? Ile holidei ni yako hata ungekuwa kazini, kwa hivyo haiwezi kulipwa na likizo yako.

Lakini kabla uende kugombana na mtu wa HR, mara nyingi hii kitu haitokani na roho mbaya. Systemu za likizo nyingi zinafanya hesabu moja rahisi tu, inachukua tarehe ya kuanza na ya kumaliza, inatoa wikendi, alafu inatoa zile sikukuu ziko kwa kalenda yake. Hiyo kalenda lazima mtu aiingize kwa mkono kila mwaka, haswa Pasaka na Idd ambazo zinahama, na Januari kila mtu ako bize na mambo ya payroll kwa hivyo inasahaulika. Mwambie tu HR wako, kwa upole, "naomba kuona kalenda ya sikukuu ya 2026 kwa systemu." Kama 20 Oktoba haiko utaona hapo hapo, na kuiingiza ni kazi ya dakika chache.

Na kama kweli haiko, usisimame hapo. Rudi nyuma uangalie likizo zako zingine za mwaka huu. Mwaka huu Ijumaa Kuu ilikuwa 3 Aprili na Jumatatu ya Pasaka 6 Aprili, Labour Day ikaangukia Ijumaa 1 Mei, Madaraka Jumatatu 1 Juni. Kama ulichukua likizo ikapita juu ya hata moja ya hizo, kuna siku yako ilimezwa, na hiyo 14 unaniambia huenda ni 15 ama 16. Toa ile ripoti ya likizo, weka kalenda kando, uhesabu na kidole.

Kuna kitu ingine huwa inakula watu siku na hata si makosa ya systemu. Pale kwa fomu kumeandikwa tarehe ya mwisho, mtu anajaza siku atarudi kazini. Wewe ukiandika Jumatatu 26 ndio mwisho, umejikata siku moja ya bure. Mwisho ni Ijumaa 23, Jumatatu ni ya kuripoti.

Angalia pia kontrakti yako, juu kuna zingine zimeandikwa siku 30 za kalenda, na hapo wikendi na holidei zinahesabiwa ndani. Si vibaya yenyewe, lakini hata kwa hiyo mpango ukitoa Jumamosi, Jumapili na sikukuu usijipate umepumzika chini ya siku 21 za kazi. Kontrakti inaweza kukuongeza juu ya sheria, haiwezi kukupunguza.

Hiyo ya Jumamosi: hapana, hamtapewa Jumatatu. Sheria ya sikukuu za umma inasukuma holidei mbele ikiangukia Jumapili peke yake. Na 2026 imetufanyia vibaya sisi wa Jumatatu hadi Ijumaa: tarehe 10 Oktoba, ile ilikuwa Moi Day, ikaitwa Utamaduni na sasa ni Mazingira Day, ni Jumamosi. Jamhuri 12 Desemba ni Jumamosi. Boxing Day pia Jumamosi. Tatu zimeenda hivyo tu. Wenye kucheka mwaka huu ni wale wa Jumatatu hadi Jumamosi, kwao hizo ni ofu kamili, na wakiitwa kazi siku hiyo wengi wao wanafaa kulipwa mara mbili. Kwako ni wikendi kama wikendi zingine. Tungoje 2027, hapo 10 Oktoba na Jamhuri zote zinaangukia Jumapili, tutapata Jumatatu mbili.

Sasa tupange. Ile wiki yako ya Oktoba, ukitumia siku 4 unapata kutoka Jumamosi 17 hadi Jumapili 25, siku tisa nyumbani. Si mbaya. Lakini kama hakuna shughuli maalum inakupeleka, mimi ningechukua Jumatatu 19 peke yake. Siku moja ya likizo inakupa nne za kupumzika, Jumamosi 17 mpaka Jumanne 20, na Kakamega si mbali ati utamalizia zote kwa barabara. Hizo tatu unabaki nazo utazihitaji, nitakwambia.

Desemba ndio tamu. Krismasi ni Ijumaa, na 1 Januari 2027 pia ni Ijumaa. Omba Jumatatu 21 hadi Alhamisi 24, alafu Jumatatu 28 hadi Alhamisi 31. Hiyo ni siku 8 za likizo na umekaa nyumbani kutoka Jumamosi 19 Desemba hadi Jumapili 3 Januari, siku 16. Jaza kama fomu moja, 21 Desemba hadi 1 Januari, uone systemu ikitoa 8, ikitoa 10 ujue ile kalenda bado haijarekebishwa. (Kama kwenu Jumamosi ni ya kazi hesabu inabadilika kidogo: 26 ni holidei haikatwi, lakini 2 Januari inakatwa, na ile ya kusafiri tarehe 19 pia.)

Kitu ya kujua hapa ni kwamba sheria inakubali likizo igawanywe vipande mkikubaliana, lakini inataka kipande kimoja kiwe angalau wiki mbili za kazi mfululizo, isipokuwa mmeandikiana tofauti. Kama mwaka mzima umekuwa ukichukua siku moja moja, HR anaweza kukuambia chukua ya mfululizo, na watu wa kushika pesa ndio sisi wa HR huwa tunasukuma zaidi, cashier na watu wa accounts, juu tunataka mtu mwingine akae kwa hiyo meza siku kadhaa aone vitabu viko aje. Usichukulie vibaya.

Usafiri. Wewe uko Nakuru kwa hivyo shida yako unaijua: wiki ya Krismasi mabasi ya kwenda western yanatoka Nairobi yakiwa yamejaa, yanapita tu, na kiti kimoja kikipatikana unaitishwa nauli kama umetoka Nairobi. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 na watoto na mizigo, kweli utateseka kwa steji. Ndio maana nimekuwekea kutoka Jumamosi 19 asubuhi. Tafuta matatu zinazoanzia hapa Nakuru, ulipie viti mapema, uamue kama unapita Kericho na Kisumu ama Eldoret uteremke na Kapsabet hadi Chavakali. Njia zote mbili zinaanza pamoja, Salgaa hadi Mau Summit, na hapo ndipo magari huwa inashikana, malori na mabasi kwa mlima, na ujenzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulianza mwisho wa 2025 kwa hivyo ongeza masaa kwa hesabu yako. Usisafiri usiku kuokoa siku moja ya likizo, hiyo Salgaa imekula watu ya kutosha.

Kurudi ni vile vile. Jumapili 3 Januari kila mtu anarudi, na mwanzo wa Januari kuna watoto wa shule na masanduku. Rudi Jumamosi asubuhi, ama kama una siku ya kuchezea, ongeza Jumatatu 4 na usafiri hiyo Jumatatu yenyewe wakati wengine wameshafika.

Tumetumia 1 na 8, umebaki na 5. Naomba usizimalize. Sheria ya Ajira haina likizo ya matanga, hiyo ni kampuni ikipenda ama kama iko kwa makubaliano ya chama cha wafanyakazi, na zingine zinakupa tu ukifiwa na mzazi, bibi ama mtoto. Sasa wewe ni mtu wa Kakamega. Mjomba akienda, shangazi akienda, utaambia bosi nini? Mazishi ni Jumamosi, Ijumaa lazima uwe nyumbani kwa ajili ya mkesha wa usiku, na kama wewe ndio wa kupeleka mwili kutoka mochari basi hata Alhamisi imeenda. Hiyo ni siku mbili kwa matanga moja. Watu wengi nimeona wakimaliza likizo Agosti wakijifurahisha, Novemba wanaanza kuuguza meno yenye haiumi, na mimi sheet ya hospitali ya uongo naijua nikiiona.

Zikibaki mwisho wa mwaka hazifi siku hiyo hiyo. Kwa sheria, ule mfululizo mrefu unafaa kuuchukua ndani ya mwaka wako wa likizo, na kile kinabaki uchukue ndani ya miezi 18 baada ya huo mwaka kuisha. Lakini kampuni nyingi ziko na tarehe yao, wengine 31 Machi, kwa hivyo usingoje kuambiwa, andika imeili mapema Desemba uombe zipelekwe 2027. Pasaka ya 2027 ni mapema, Ijumaa Kuu ni 26 Machi, unaweza kuzitumia hapo.

Moja ya mwisho, holidei za kutangazwa ghafla. Hapa Kenya unajua hiyo hutokea: 13 Novemba 2023 tulipewa ya kupanda miti, 10 Mei 2024 ya kuomboleza waliokufa kwa mafuriko, 1 Novemba 2024 wakati Kindiki aliapishwa kuwa naibu wa rais, na Ijumaa 17 Oktoba 2025 ya mazishi ya kitaifa ya Raila. Ukiwa likizo wakati kitu kama hiyo imetangazwa, siku yako inarudi, sawa tu na Mashujaa. Lakini hairudi yenyewe, fomu yako ilishapitishwa kitambo na systemu haijui kitu, kwa hivyo ukirudi kazini tuma imeili moja na tarehe ya likizo yako na tarehe ya ile holidei. Wengi waliokuwa likizo ile wiki ya Raila hawajawahi kuuliza mpaka leo.

Ya Desemba omba sasa, usingoje Novemba. Tarehe ya likizo ni ya kukubaliana na kila idara lazima ibaki na mtu, na hapo Nakuru nusu ya ofisi ni watu wa western na Nyanza wote wanataka 19 Desemba. Tukiwa na fomu tano na nafasi ya watu wawili, kusema ukweli tunaangalia nani aliomba kwanza na nani alibaki kazini Desemba iliyopita. Kama mwaka jana ndio wewe ulibaki, iandike kwa hiyo fomu, kuna pahali pa maoni hapo chini watu huwa wanaacha wazi.