Re: Nianze na EDGE ama LEED kuwafunza vijana ofisini?

Salama ndugu yangu. EDGE na LEED zote ni vyeti vya majengo yanayotunza mazingira. Umesema vijana wako wasanifu wameenda semina za hayo mambo wakarudi na makaratasi, lakini ukiwapa ramani ya fleti za Nyali, hapa Mombasa, hawajui waanzie wapi. Mimi ningeanza na EDGE, programu yake iko bure mtandaoni na inataka mambo matatu tu, upunguze stima, maji na kaboni inayotoka kwa kutengeneza vifaa vya ujenzi kwa asilimia 20 kila kimoja, ukilinganisha na jengo la kawaida la hapa.

Slaidi achana nazo. Wape mradi wenu ambao ushajengwa, wenye bili za stima na maji, waingize namba wenyewe. Kwanza waangalie madirisha. Sisi tuliangushwa na vioo vikubwa vya upande wa magharibi, jua la jioni linaingia mpaka kitandani na AC haizimwi, tulipopunguza vioo na kuweka vivuli asilimia ya stima tunayookoa ikapanda palepale. Halafu nikawapeleka Mji wa Kale saa nane mchana wakashika zile kuta nene za matumbawe zinavyozuia joto, wallahi pale ndo walielewa.

LEED ngoja mteja aitake mwenyewe, makaratasi yake ni mengi mno.