Kabla ya Spektra, Saa

Juzi nimemkuta kijana wetu akishangilia spektra za siku nzima isiyo na wingu, yaani mwanga wa jua uliochambuliwa rangi kwa rangi, tunaousoma ili kupima gesi za angani. Nikamuuliza, "Saa ya kompyuta umeilinganisha na ipi?" Akanyamaza. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tumelisema mpaka koo limekauka.

1. Saa. Ndiyo inayotuambia jua liko wapi, na hapo tunahesabu mwanga umepita njia ndefu kiasi gani hewani. Kwa dakika 1 jua husogea robo ya digrii. Adhuhuri hutaona kitu. Likiwa digrii 75 kutoka utosini, likipanda wima, dakika hiyo hupotosha hesabu ya njia hiyo ya mwanga kwa karibu asilimia 1.6.

Mimi yamenikuta. Umeme ulikatika, uliporudi kompyuta ya kifaa haikupata tena mtandao, na saa yake ikaanza kukimbia mbele kidogo kidogo. Sikuigusa miezi 3. Kila jioni nilitazama methani, naikuta imetulia kama maji ya mtungini, naenda kulala. Nilisahau kwamba methani tunaigawanya kwa oksijeni ya spektra ileile, hivyo kosa la njia linajifuta lenyewe. Monoksidi ya kaboni, ambayo hatukuigawanya kwa chochote, ilikuwa juu asubuhi na chini alasiri. Nikaandika kurasa 4 kuhusu moshi wa usiku unaotawanyika mchana. Niliupenda sana moshi ule, nao haukuwepo. Mwalimu wangu akaiweka safu ya oksijeni, yaani jumla ya oksijeni yote iliyo juu yetu, kando ya kanieneo ya barometa: asubuhi imezidi, alasiri imepungua, siku baada ya siku. Oksijeni ya angani haina tabia hiyo. Akasema, "Saa," akaondoka. Siku za jua kamili tuliziokoa kwa kuikadiria saa kutoka kwenye oksijeni yenyewe. Zile zenye vipande viwili vitatu vya mchana tu, tulizitupa.

2. Seli ya HCl, kichupa chenye gesi ya kloridi ya hidrojeni: itumie kupima kila mwezi umbo ambalo kifaa kinaupa mstari wa gesi kwenye spektra, hata kama kioo hakijaguswa.

3. Barometa. Hektopaskali 1 ni karibu sehemu moja kati ya elfu ya hewa yote iliyo juu yako. Iwe na mwenzake wa kuilinganisha.

4. Hifadhi interferogramu, yaani ishara ghafi ambayo spektra hukokotolewa kutoka kwayo, si spektra pekee. Leza inayopanga lini kifaa kichukue kila kipimo ikikosea, hapo ndipo pa kurudi kurekebisha.

5. Nitrojeni ya kimiminika, ya kupoza kitambuzi cha mwanga, imiminwe kabla jua halijatoka, dirisha likiwa wazi.

Saa ya kijana ilikuwa mbele kwa sekunde 40. Tumeiandika daftarini, na sasa hivi amekaa anachora oksijeni yake kando ya barometa.