Polisi wapo, magereza yapo: chombo cha wahalifu hatari ni cha nini?

Mkuu, umeuliza kwa nini nchi iunde mamlaka nzima ya wahalifu hatari wakati polisi na magereza yapo. Tatizo ni mwanya ulio kati ya hizo ofisi.

Chukua hapa Dodoma. Aliyeua akiwa hana akili timamu, mahakama inampeleka taasisi ya Isanga, chini ya hospitali ya akili ya Mirembe. Mwenye akili zake timamu ila hatari anakaa gerezani mpaka siku yake ifike. Parole, yaani kutoka kabla kifungo hakijaisha, ingemtoa kwa masharti, lakini sheria ya parole ya 1994 inawaweka kando wabakaji na wanyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa hiyo mwizi wa miaka 6 akishatumikia theluthi anaweza kutoka chini ya uangalizi, ila mbakaji anamaliza kifungo, anapanda gari stendi ya Nanenane, anashuka Kibaigwa msimu wa mahindi, soko limejaa wageni. Hana sharti hata moja la parole. Mtendaji wa kata atajulia wapi?

Scotland walikuna kichwa kwa jambo hilo hilo. Kamati ya Jaji MacLean ilitoa ripoti 2000, sheria ikapita 2003, mamlaka yao ya wahalifu hatari ikaanza 2005. Haifungi mtu wala haizunguki mitaani. Inaweka viwango, inaidhinisha watathmini wa hatari, na inapitisha au kukataa mpango wa kudhibiti hatari ya kila mhalifu aliyepewa amri ya uangalizi wa maisha, amri ambayo ni Mahakama Kuu tu inayoitoa. Mpango unatakiwa ndani ya miezi 9 tangu hukumu, kisha ripoti ya utekelezaji kila mwaka.

Utamu uko kwenye huo mpango. "Afuatiliwe kwa karibu" si mpango, ni dua. Mpango unasema: huyu hushambulia akilewa na akiachwa na mwanamke; afisa fulani amtembelee nyumbani kila Jumanne; akihamia nyumba yenye watoto au akikosa kuripoti mara moja, taarifa ifike polisi siku hiyo hiyo, na anayepiga simu ametajwa kwa cheo. Mpango unakufa pale afisa anapohamishwa na faili linabaki kabatini, au gereza linajua alichokuwa akitishia ndani lakini ustawi wa jamii hawajaambiwa.

Na tukiunda chombo chetu, tusikiweke chini ya polisi. Anayetekeleza mpango hawezi kuwa yeye yule anayeusahihisha.